Bi Rukia na Seva ya Peke Yake

Vijana wangu,

Hamwishi kunipigia simu na swali lile lile: "Mzee Obadia, nichukue VPS au nikodi seva nzima?" Mnauliza mkiwa mmejilaza kitandani, kidole kiko tayari juu ya kitufe. Mkishajibiwa mnabonyeza, na mashine inawaka katika nchi ambayo pengine hamtaikanyaga. Mimi nimeiacha kazi hii. Macho yamechoka, na mke wangu amepiga marufuku mazungumzo ya nyaya wakati wa kula. Lakini swali lenu siwezi kulijibu kwa neno moja, kwa sababu mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa Bi Rukia, na jibu nililompa liliishia kwenye chumba chenye baridi likiwa limepigwa lakiri.

Nianze na maana, maana wapo wanaojifanya wanajua. VPS ni kipande cha mashine kubwa iliyogawanywa kama nyumba ya kupanga: kila mtu ana chumba na ufunguo wake, lakini paa ni moja na umeme unaingilia mlango mmoja. Seva nzima ni nyumba yote yako, hata kama unalala chumba kimoja na vingine vinakaa popo. Hiyo ndiyo tofauti. Mengine yote mnayoyasoma kwenye matangazo ni rangi ya ukutani.

Wakati huo nilikuwa Guangzhou, China, nimemaliza shahada ya kompyuta na nina ugonjwa mmoja tu, wa kuwaza. Nikitaka kuvuka barabara nawaza nikifika ng'ambo nitageukia wapi. Mtu akiniambia "tutaonana" nalala nikijiuliza alikusudia nini. Kwenye migahawa wahudumu walizoea kuniletea chakula bila kuniuliza, kwa kuwa kuniuliza kulichelewesha wateja wengine.

Bi Rukia hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja, mwenye ofisi ghorofa ya sita katika Mtaa wa Dengfeng, juu ya maduka ya simu. Aliniajiri nimtunzie tovuti yake, na kila alfajiri tulikwenda Shisanhang, kwenye mtaa wa nguo za jumla. Yeye anashika vitambaa na kuvivuta mpaka wenye maduka wanapiga kelele, mimi napiga picha. Nikirudi ofisini naziweka picha kwenye tovuti yake. Wenye maduka wa Darajani, kule Unguja, wanaifungua, wanachagua mtindo, wanaandika saizi na rangi, naye ananunua kile kilichoagizwa tu. Kabla ya tovuti alikuwa akiwaelezea magauni kwa simu. Jaribuni siku moja kumwelezea mtu marinda ya gauni kwa simu ya kimataifa, halafu mje mniambie teknolojia haina faida.

Tovuti ilikaa kwenye VPS tuliyokodi kwa Lin, mtu wa soko la kompyuta la Gangding. Lin ndiye mwalimu wangu wa kweli, ingawa alifundisha kwa kutukana. Mara ya kwanza kuniona nikichomoa waya usio na alama alinipokonya, akaufunga utepe huku na huku, akaniuliza kama mama yangu aliwalea watoto wake bila majina. Alinifundisha kuweka kiganja nyuma ya mashine na kusikiliza joto la pumzi yake kabla ya kuamini namba za kwenye kioo. Alinifundisha kwamba nakala ya akiba iliyolala ndani ya mashine ile ile si akiba, ni abiria wa pili kwenye gari lile lile. Na kwamba nakala ambayo hujawahi kuijaribu kuirudisha ni matumaini tu. Haya yaandikeni popote mnapoandika mambo siku hizi.

Basi tovuti ikaanza kuzorota. Kila ikifika mchana wa Unguja, picha moja ya kanzu inashuka kama inasukwa uzi kwa uzi. Nikamuuliza Lin. Akaangalia, akacheka. "Jirani yako ni tovuti ya michezo ya watoto," akasema. "Wakitoka shule wanaikalia mashine yote."

Nikampelekea Bi Rukia habari hiyo nikiwa nimejiandaa na mchoro. Hakuutazama.

"Yaani nimo kwenye kontena la kuchangia," akasema.

Nilikuwa nimewaza wiki nzima bila kupata mfano mzuri kama huo. Wafanyabiashara wote wa Dengfeng wanalijua kontena la kuchangia. Unaweka marobota yako pamoja na ya watu usiowajua, na mmoja wao akikutwa na raba za nembo ya kughushi, forodha wanashika kontena lote. Bi Rukia aliwahi kukosa msimu mzima kwa sababu ya raba za mtu ambaye mpaka leo hamjui sura.

"Na kontena zima lipo?" akauliza.

"Lipo, Bi Rukia. Lakini kuna mambo ya kuzingatia. Kwa upande mmoja..."

"Obadia."

"Naam."

"Mwanangu, we ukiulizwa jina lako unaomba muda. Mie nataka kontena zima. Liko wapi nikalione?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza swali ambalo leo nawapa bure: wateja wako wako wapi? Wateja wetu walikuwa Darajani, hakuna hata mmoja aliyekuwa Guangzhou. Mashine ingeweza kukaa popote duniani. Mimi niliwaza kuhusu joto, kuhusu umeme, kuhusu mafuriko, niliwaza hata kuhusu panya. Hilo moja halikunijia. Na hata lingenijia, Bi Rukia asingekubali, kwa kuwa katika biashara yake hakuna kitu kinacholipiwa kabla hakijashikwa kwa mkono.

Tukaenda. Lin alitupeleka kwenye jengo moja lenye vyumba vya seva, akiwa amevaa uso wa mtu anayejuta mapema. Ndani kuna baridi ya kuhifadhia nyama. Bi Rukia alivaa koti la manyoya juu ya baibui, akapita katikati ya makabati yale marefu yenye taa za kijani akiwa kama mkaguzi wa bandari. Lin akamwonyesha mashine yetu.

"Hii?" akasema Bi Rukia. "Hii bapa kama boksi la piza?"

"Ndiyo hiyo, Bi Rukia."

"Mwambie aifungue."

Lin akatikisa kichwa. "Bu xing, bu xing." Haiwezekani. Neno hilo Bi Rukia alilisikia mara nyingi kila siku sokoni na hakuwahi kulihesabu kuwa jibu.

"Mwambie sijawahi kununua robota bila kulifungua. Juu anaweka mazuri, chini anaweka matambara. Nawajua."

Ilifunguliwa. Aliinama, akazitazama mbao za saketi na feni kwa muda, akauliza kwa nini ndani kuna nafasi tupu. Nikamweleza kuwa ni ya kupitisha hewa. Hakuridhika, lakini alinyoosha mkono kwenye mkoba wake, akatoa kalamu ya wino mzito, ile anayoandikia alama ya mzigo kwenye marobota, na kabla Lin hajamfikia akaandika ubavuni mwa seva kwa herufi za kiganja kizima: BR ZNZ. Kisha akaizungushia utepe mwekundu, kama anavyozungushia marobota yake ili wapakuzi wa bandari ya Malindi, Unguja, wayajue kwa mbali.

Lin alikaa kwenye ngazi ya kukunja. "Laoban wako," akaniambia kwa sauti ndogo, yaani bosi wako, "anafikiri itapanda meli."

Sasa sikilizeni. Kosa lililotuangusha halikuwa la kuchagua seva nzima. Wapo waliochagua seva nzima na wakaishi salama. Baadaye nikiwa nimerudi nyumbani nilikuwa na mteja aliyekodi seva nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja wenye picha yake akiwa amevaa suti, na picha ile haijawahi kuchelewa hata sekunde. Kosa letu lilikuwa tabia ya Dengfeng. Kule mtu akikodi kontena zima, mzigo wake ukaishia robo tatu, halifungwi. Anatoka mlangoni anatangaza nafasi. Kontena lisilojaa linamuuma kama jino.

Jioni moja aliniuliza seva imejaa kiasi gani. Kwa ujinga wangu wa kusema ukweli nikamjibu kwamba tunatumia kona ndogo tu.

"Na kwingine?"

"Kutupu."

Alinitazama kama nimemwambia nimeacha mlango wazi. "Mie sijawahi kusafirisha hewa, Obadia. Sitaanza uzeeni."

Kufikia mwisho wa juma ndani ya seva yetu ya peke yetu mlikuwa na tovuti ya kwaya ya Watanzania, ya kinyozi Mkenya, ya wakala wa mizigo ya ndege, na ya Papaa Kasongo. Kasongo alikuwa Mkongomani muuza simu wa ghorofa ya chini, mtu wa suti ya rangi ya zabibu hata kwenye joto la Agosti. Tovuti yake ilikuwa ya muziki wa kwao, na ilikuwa na ukurasa ambapo mgeni yeyote angeweza kuandika salamu na kubandika picha.

Nilipinga. Tovuti zote zilizokaa China zilitakiwa ziwe na namba ya usajili wa serikali, na Lin alituchukulia namba moja, ya nguo. Alikuwa ameniambia msako unakuja, wanasafisha mitandao, tovuti chafu na zisizo na namba zinazimwa. Nikamweleza Bi Rukia hayo yote, nikaongeza na hatari nyingine za kwangu mwenyewe, ikiwemo ya kinyozi kushitakiwa na mteja aliyenyolewa vibaya. Nadhani hiyo ya kinyozi ndiyo iliyoharibu. Mkiwa na hoja moja nzito, isemeni hiyo tu. Ukiipakia na nyepesi ishirini, msikilizaji anachagua nyepesi na kuicheka.

"Kasongo ni jirani yangu," akasema. "Mtu mzuri. Anasema bonjour mpaka kwa paka."

Jumatatu moja, wakati wa maagizo ya Idd, niliamka tovuti haipo.

Lazima mwelewe uzito wake. Idd ndiyo mwaka mzima wa muuza nguo. Bi Rukia alikwisha kuweka nafasi ya kontena melini, na wenye maduka wa Shisanhang walitaka saizi na rangi zote kufikia Ijumaa, la sivyo wanawauzia wengine. Maagizo ya Darajani yalikuwa yanatarajiwa wiki hiyo hiyo. Hakuna tovuti, hakuna maagizo. Hakuna maagizo, Bi Rukia ananunua kwa kubahatisha au hanunui kabisa. Tena ghorofa ya tano kulikuwa na bibi mwingine wa Unguja mwenye biashara ile ile na tovuti yake, ambaye kila akipishana nasi kwenye ngazi alituuliza hali kwa upole wa kutisha.

Nikampigia Lin.

"Imefungwa," akasema. "Wamepiga lakiri kabati. Mmoja wenu ana picha za wanawake uchi."

Nikashuka kumleta Kasongo, na kurudi juu ikawa shida, kwa sababu msako wa mitandao ulikutana na msako wa mtaani. Polisi walikuwa chini ya ngazi wakikagua pasipoti. Pasipoti yangu ilikuwa inaongezwa viza na nilikuwa na stakabadhi tu. Stakabadhi ilikuwa halali kabisa, lakini nilishaanza kuwaza kama muhuri wake umekolea. Tulipanda kwa ngazi ya nyuma, Kasongo akivuta pumzi kama harmonika, na mara tulipoingia ofisini ikawa hakuna anayetoka.

"Kasongo!" Bi Rukia alikuwa amesimama. "Picha za nini zile?"

"Maman, naapa! Ile picha si ya mimi! Batu wamekuja kubandika, sijue hata ni nani!"

"Kwenye mlango wako!"

"Lakini mlango iko wazi, Maman. Karibu ni karibu."

"Nimekodi nyumba nzima," akasema Bi Rukia akiniangalia mimi, "nikamkaribisha mwenyewe mwenye raba za kughushi."

Kasongo alivua koti, akaenda kupika chai bila kuombwa.

Sasa nikaulizwa mimi. Nakala ya akiba nilikuwa nayo, kwa baraka za matusi ya Lin. Ilikuwa kwenye diski ndani ya droo, na nilikuwa nimeijaribu. Swali lilikuwa tuiweke wapi. Tungeweza kumbembeleza Lin mpaka kabati lifunguliwe. Tungeweza kukodi seva nyingine nzima hapo mjini na kusubiri namba mpya ya usajili, ambayo msako ulikuwa umeifanya isubiriwe kwa wiki nyingi. Au VPS ya nje, popote, leo hii.

Nikaanza: "Kwa upande mmoja..."

"Petit, mdogo wangu," akasema Kasongo kutoka jikoni, "sasa hivi hatuna upande."

Na hapo, nikiwa nimeshika kikombe chake cha chai yenye sukari ya kutosha watu wanne, lile swali lililonikimbia likaja lenyewe. Wateja wako Darajani! Mashine ina kazi gani Guangzhou? Nikalisema kwa sauti. Bi Rukia akakunja uso.

"Hiyo ya nje nitaionaje?"

"Hutaiona, Bi Rukia."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ni kipande kidogo ndani ya mashine ya watu, nchi ya mbali."

"Na wenzangu humo ndani ni nani?"

"Sijui. Lakini kule wakimkuta mmoja na uchafu wanazima chumba chake, hawafungi nyumba. Na wakitufukuza, nina diski. Tunahamia kwingine siku hiyo hiyo. Ni ndogo, Bi Rukia. Kidogo kinabebeka."

Alitazama dirishani kofia za polisi kule chini. Sijawahi kumwona akifikiri muda mrefu namna ile, na nilijua anavyoteseka, kwa sababu mimi ndiyo hali yangu ya kila siku.

"Wasiwe akina Kasongo tu," akasema mwisho.

"Maman, niko hapa. Nasikia."

Nikaikodi. Mtandao wa ofisi ulikuwa mwembamba, na kupandisha picha zote kulichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili, Kasongo akikaa pembeni kunizuia nisianze kuzipanga upya kwa ubora. Jumatano adhuhuri tovuti ikawa hewani. Tukakaa kuyasubiri maagizo.

Hayakuja.

Nikakagua kila kitu. Nikajitumia agizo mwenyewe, la magauni ya saizi yangu, likafika. Bi Rukia akawapigia wateja. Simu ya kwanza haipatikani. Ya pili haipatikani. Akawapigia wote wa Darajani, wote hawapatikani. Akaiweka simu mezani taratibu.

"Wamenikimbia," akasema. "Wamenizimia simu kwa haya. Waliiona imekufa tangu Jumatatu, wakaenda kwa wa ghorofa ya tano."

Mimi nilikwisha kuwaza hivyo tangu Jumatatu. Kasongo akasema pengine ni mtandao wa simu. Bi Rukia akamwambia akae kimya kwa mapenzi ya Mungu. Alhamisi asubuhi alianza kuandaa maneno ya kuwaambia wenye maduka ya Shisanhang kwamba kontena hatalijaza, na kumsikia akiyajaribu maneno hayo kwa Kichina chake cha sokoni, ambacho hakikuwa na neno hata moja la kuomba radhi, kulinikata maini.

Simu ikalia alasiri. Alikuwa Mwanaidi, mteja wake mkubwa, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Bi Rukia! Samahani sana, mama yangu! Umeme ulikatika Unguja nzima tangu Jumapili, ndiyo kwanza umerudi sasa hivi! Simu zimekufa, kompyuta zimekufa, samaki wameoza. Hatujaiona hiyo tovuti yako wiki nzima. Wenzangu wote hapa wanalia, tumechelewa kuagiza. Mtatufikiria?"

Kasongo alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilishika meza. Bi Rukia hakututazama. Alijinyoosha kitini, akarekebisha mtandio wake, akavuta pumzi kama mwanamke ambaye hajawahi kupungukiwa na kitu maishani.

"Tumewasubiri, Mwanaidi," akasema. "Tovuti iko wazi, tumekaa hapa tangu Jumatatu tunawasubiri nyie tu. Leteni saizi." Akatua kidogo. "Lakini msirudie tena."